Muulize Ami: Nyoka wako hana kisirani, ana woga

Mwezi huu barua zimekuja za nyoka tupu, sijui ni wageni wamekua wengi ama ni vijana wetu wameanza kazi mpya, lakini nimefurahi manake hii ndio kazi niliyoishi nayo zaidi ya miaka ishirini hapa Malindi na Watamu, kushika nyoka, kulisha nyoka, kufagia vizimba vya nyoka. Nimechagua barua tano. Ya kwanza jibu lake ni refu, naomba msome lote hata kama hufugi, manake hata anaepita shambani na jembe lake atapata kitu.

*Ami shikamoo. Mimi ni kijana wa Muyeye, nina miezi minne nafanya kazi kwenye bustani moja ya nyoka, ina leseni. Kuna chatu jike, kama mita moja na nusu, huyo ndie tunamtoa wageni wamshike wapige picha. Kwa mzee niliemkuta hapo kazini chatu ametulia tuli. Kwangu mimi anajaza pumzi anatoa sauti kama tairi la tuktuk likitolewa upepo, na wiki iliopita alinirukia mara mbili hakunigusa, alafu Ijumaa akanitia meno kwenye dole gumba akaachia hapo hapo. Damu kidogo tu. Alhamisi nilikua nimempa panya akala vizuri, kwa hivyo sio njaa. Macho yake pia naona yameingia ukungu wa bluu, nadhani anaanza kua kipofu. Mzee ananiambia nyoka ananusa woga, na huyu ameshanijua mimi muoga ameniwekea kisasi. Ni kweli? Na nifanyeje, manake bosi anasema mgeni asiondoke bila picha.*

Marahaba mwanangu, na pole ya dole gumba. Lile la kisasi litoe kichwani leo leo. Nyoka hana kisasi, hana kisirani, hakai usiku akakupangia. Unachokiona ni woga, tena woga wa mnyama asie na mkono wala mguu, ambae ukishamnyanyua juu kilichobaki cha kujitetea ni pumzi yake na meno yake, na meno ndio ya mwisho kabisa. Lile jino la Ijumaa halikuanza Ijumaa. Huyo chatu alikua anakwambia siku nyingi, ni vile lugha yake ulikua hujaijua.

Hebu siku ukirudi kazini usimshike, kaa tu mbele ya kizimba umtazame. Chatu aliyetulia ulimi wake unatoka polepole, mrefu, unapepea juu chini alafu unarudi ndani, anaonja hewa, manake juu kwenye kaakaa ana kiungo cha kusomea ile harufu. Mwili umelegea, ukimpitisha mkono huu mpaka huu anajimimina kama uji mzito. Sasa akiingiwa na shaka kitu cha kwanza ni kusimama. Ulimi unakatika, ama unatoka kwa kifupi kifupi, na mwili unakaza, ukiwa umemshika unaisikia misuli chini ya ngozi inavutika kama kamba ya tanga upepo ukiingia. Watu wengi hapo ndio husema "ameshatulia" kwa sababu hatembei, na kumbe ni kinyume, kuganda sio kutulia. Alafu kichwa kinarudi nyuma kidogo, shingo inajikunja ikawa kama herufi S. Ukiona hio S usiongeze mkono hata shibiri moja. Ile S ndio masafa yake ya kurukia, akiinyoosha ameshafika kwako.

Pamoja na hayo ndio ile pumzi unayoisema. Anajaza mapafu mwili unafura, anaitoa kwa nguvu, anajifanya mkubwa. Kuna wanaotingisha ncha ya mkia, kuna wanaokumwagia uchafu wenye harufu mbaya sana kutoka chini ya mkia, harufu ambayo sabuni moja haiitoi. Yote hayo ni neno moja, niache. Na zile mara mbili alizokurukia bila kukugusa, usidhani tu alikosa shabaha, mara nyingi nyoka huruka hivyo kwa makusudi, mdomo hata haufungui, ni onyo la mwisho kabla ya jino. Kwa hesabu yangu huyo mnyama alikuonya kwa pumzi, akakuonya kwa kuruka, akarudia kuruka, ndio akauma. Binadamu wangapi wana subira hio?

Na alivyouma pia inasema kitu. Umesema aliachia hapo hapo. Hilo ni jino la kujitetea, anagusa anaachia, lengo lake ni uondoke. Jino la chakula liko tofauti kabisa, lile anashika hataki kuachia na mara moja anaanza kukuzungushia mwili, manake kwa akili yake ameshika panya. Siku likikupata hilo usivute mkono, meno ya chatu yamepinda kurudi nyuma kama ndoana za mshipi, ukivuta unajichana mwenyewe na unaweza kumng'oa meno yeye. Mmwagie maji baridi mdomoni ama matone ya spiriti karibu na mdomo, ataachia, na kama amejizungusha mfungue kuanzia mkiani sio kichwani. Baadae osha jeraha na maji mengi na sabuni, nenda zahanati uulize sindano ya pepopunda. Chatu hana sumu, lakini mdomo wake sio safi.

Sasa nirudi kwenye barua yako, manake umejijibu mwenyewe bila kujua. Umesema Alhamisi alikula, Ijumaa mkamtoa. Nyoka aliyekula hashikwi, ngoja angalau saa 48, na kama panya alikua mkubwa bado unaona uvimbe tumboni basi ngoja mpaka upotee. Akiwa na mzigo tumboni hawezi kukimbia vizuri na anajua hilo, kwa hivyo woga unazidi, na mkimsumbua sana atatapika, na kutapika kwa nyoka sio jambo dogo, kunamdhoofisha kweli kweli.

La pili ni macho. Mwanangu huyo sio kipofu, anajiandaa kujivua gamba. Nyoka hana kope, jicho lake limefunikwa na gamba moja jembamba linalopitisha mwanga kama kioo, na wakati ngozi mpya inaumbika chini ya ile ya zamani kunaingia maji maji katikati, ndio unaona ukungu wa bluu na rangi ya mwili imefifia. Kutoka ukungu mpaka gamba kutoka ni kama wiki moja hadi mbili, na katikati macho yanarudi kua maangavu siku chache kabla hajajivua, usidanganyike hapo ukafikiri imeisha. Kipindi hicho haoni vizuri, anaona vivuli tu vinakuja juu yake, na kitu kinachomjia nyoka kutoka juu kwenye maisha yake ya porini ni mwewe ama kipungu. Wewe ungekua umefungwa kitambaa machoni alafu watu wanakunyanyua, ungefanya nini?

Mimi mwenyewe niliwahi kuumwa kwa sababu hio hio. Nilikua kijana, kuna mahali nilifanya kazi zamani, chatu macho yameziba kabisa, nikasema leo asitoke, nikaambiwa wageni wamelipa. Nikamtoa. Mama mmoja mgeni akanyoosha mkono kutoka juu amguse kichwa, nikauweka wangu katikati, na meno yakaingia hapa kwenye kifundo, mpaka leo kuna vidoa vitatu. Yule mama alilia sana, na chatu hakula kwa wiki nyingi baada ya hapo. Sikumlaumu chatu hata siku moja. Kwa hivyo bosi wako mwambie kwa heshima, macho yakiziba anapumzika, na mweke daftari, tarehe ya kula, tarehe ya ukungu, tarehe ya gamba. Bosi akiona tarehe zimeandikwa hubishana kidogo kuliko ukimwambia kwa mdomo.

La kunusa woga, mzee wako namheshimu lakini sio harufu, ni mkono. Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na wewe sasa mkono wako unakwenda, unasita, unarudi, unakwenda tena, na ukifika unabana kwa sababu unaogopa atakuponyoka. Kwake yeye kitu kinachokuja kikarudi kikaja tena ni mnyama anaemvizia. Mkono wa mzee unakwenda mara moja, polepole, haurudi nyuma, unaingia chini ya tumbo na unabaki wazi kama kitawi cha mti. Basi jifunze hivyo. Kwanza osha mikono kwa sabuni, manake chatu ana vishimo kwenye midomo vya kusikia joto, na mkono wenye joto ukinuka panya kwake huo ni panya. Fungua kizimba, mguse mwilini kwa fimbo ya ndoano kwa upole, sio kumpiga, ni kama kubisha hodi, ajue leo sio chakula, hili ni muhimu sana kama mnamlisha ndani ya kizimba hicho hicho manake ameshazoea mlango ukifunguka ni panya. Alafu ingia na ubavuni, sio kutoka juu na sio mbele ya uso, mikono miwili, mmoja theluthi ya mbele ya mwili mwingine theluthi ya nyuma, umbebe mzigo wote, nyoka akining'inia anajiona anaanguka. Usimshike shingo kama wanavyofanya kwenye video, na mkia usiuvute kabisa, uti wa mgongo wake ni mifupa mingi midogo na unaumia.

Dakika kumi na tano zinatosha, kisha apumzike. Mgeni asiguse kichwa, aguse mgongo katikati. Na spika ile ya muziki kama iko karibu na vizimba isogezeni, nyoka hana sikio la nje lakini mtikisiko anausikia kwa taya, kizimba kikiwa juu ya sakafu inayodunda siku nzima hapati hata saa moja ya kupumzika. La shingoni nalisema kwa mkazo, msimvishe mgeni chatu shingoni, hata kama ndio picha inayolipiwa zaidi. Chatu akishtuka anachofanya ni kubana alichokishikilia, na alichokishikilia ni shingo ya mtu. Huyo wenu akipita mita mbili na nusu asitolewe na mtu mmoja tena, wawe wawili daima. Chatu wa huku kwetu akikua anaweza kupita mita nne, na hata akiwa amezoea mikono sio mnyama wa mchezo.

*Asalaam aleikum Ami. Mimi ni mama wa hapa Shela Malindi, binti yangu yuko Italia, ameolewa kule. Juzi tunaongea kwa video naona ana nyoka ndani ya nyumba, mdogo ana madoa, anasema ni chatu na wala haumi. Nilipiga kelele. Sasa binti nae ana shida yake, kila akimtoa nyoka anajiviringa donge kichwa kakificha katikati, hafunguki. Anauliza kama amemkasirisha. Mimi nauliza kama mwanangu yuko salama.*

Waaleikum salaam mama yangu, na shikamoo. Nianze na lako kwanza, binti yuko salama. Kwa ulivyonieleza huyo ni yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, wengi wanaouzwa Ulaya asili yao ni Ghana, Togo na Benin, sio huyu chatu wetu mkubwa. Mara nyingi huishia mita moja na kitu, hana sumu, na ni katika nyoka wapole kuliko wote wanaofugwa. Ila mwambie binti ajue ameingia safari ndefu, nyoka huyu akitunzwa vizuri huishi miaka 20 mpaka 30, na asifikiri ni kitu cha kumrudishia mtu akichoka.

Kujiviringa sio hasira. Hio ndio silaha yake, wenzake wanafoka na kuruka, yeye anaficha kichwa katikati ya mwili na kungoja hatari ipite. Makosa watu wanayofanya ni kumfungua kwa vidole, yaani mtu amejifungia chumbani kwa woga na wewe unavunja mlango umwonyeshe hakuna hatari. Asimfungue kabisa. Amweke kwenye mapaja, mikono iwe imetulia, aangalie televisheni yake. Baada ya dakika kadhaa utaona pua inachungulia, ulimi unatoka mara moja, unarudi. Binti asisogee. Ulimi utatoka tena kwa muda mrefu zaidi, kichwa kitafuata, na donge litaanza kulegea lenyewe. Akifika hapo kwa leo imetosha, amrudishe, hata kama ndio kwanza anaanza kutembea, ili akumbuke kwamba ukitoka nje hakuna baya lililotokea.

Na kama ni mgeni hapo nyumbani, wiki moja ama mbili za kwanza asishikwe kabisa mpaka awe amekula. Muulize binti pia kama kule ndani kuna pa kujificha, panatakiwa pawili, pango upande wa joto na pango upande wa baridi, pango lenyewe liwe la kumbana mwili sio chumba kikubwa, na joto upande mmoja liwe kama nyuzi 31 mpaka 33, upande wa pili kama 25 mpaka 27. Italia kuna baridi mama, nyoka hatengenezi joto lake mwenyewe, akiwa ubaridi hali, hamengenyi, na kila kitu kinamtisha. Mara nyingi nyoka "mwenye tabia mbaya" nikiuliza nakuta ni kizimba ndicho kibaya.

Kitu kimoja tu cha wewe kumkazania kama mama, aoshe mikono kwa sabuni kila akimshika na asimwachie mtoto mdogo amshike alafu atie vidole mdomoni, nyoka anaweza kubeba bakteria wa salmonela hata kama anaonekana msafi. Mengine ni mazuri, na nyumba yenye huyo nyoka haina hatari zaidi ya nyumba yenye paka.

*Ami mambo, mimi niko Ganda, kwenye makuti ya jiko tumepata nyoka mdogo wa kahawia, nimemtia kwenye ndoo, nataka nimfuge nimfundishe kushikwa kama wanavyofanya kwenye video. Anajikunja anatoa sauti kama mafuta yakikaanga. Nianze vipi?*

Usianze ndugu yangu. Weka kifuniko juu ya ndoo, uzito juu yake, watoto mbali, upige simu KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ama wale wa Bio-Ken kule Watamu ambao kuondoa nyoka majumbani ni kazi yao. Kwanza sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumtoa nyoka porini ukamfuga bila kibali, na la pili ambalo mimi ndio linanitia baridi, wewe hujui ulichonacho kwenye ndoo.

Nikueleze kwa nini nasema hivyo. Sauti ya mafuta ya kukaanga inaweza kua ni yule nyoka mla mayai, mnyama asie na madhara kabisa, meno yenyewe hana ya maana, akitishwa anajikunja anasugua magamba ubavuni yanatoa hio sauti, anajifanya nyoka wa sumu ili umwache. Sasa kama asie na sumu anaigiza mwenye sumu kiasi cha kumchanganya mtu, na wewe unakisia gizani chini ya makuti, huoni ukikosea upande wa pili itakuaje? Hata wataalamu wamekosea. Yule swila mkubwa wa kahawia wa huku kwetu, anaetema sumu, miaka yote alihesabiwa kua ni aina tu ya swila mwenye shingo nyeusi, mpaka 2007 ndio ikathibitishwa ni nyoka wa peke yake, wakampa jina la James Ashe, mzee aliyeanzisha Bio-Ken 1980. Nyoka mrefu hivyo, anaishi karibu na watu wanaojua nyoka kuliko sote, na jina lake likachelewa hivyo. Wewe una ndoo na simu.

Na hata akiwa ni mla mayai, nyoka mzima aliyetoka porini hajui mikono ya watu, atakaa kwenye ndoo hali, ataruka kila ukifunua, na ukisema unamfundisha kumbe unamchosha mpaka anaacha kujitetea. Kuchoka sio kuzoea.

*Ami, sisi kazini tuna jiwe jeusi la nyoka kwenye boksi la huduma ya kwanza. Mtu akiumwa tunaliweka linanyonya sumu. Linatosha ama tununue la pili?*

Hapana, litupeni. Jiwe hilo linanata kwenye jeraha kwa sababu linafyonza umajimaji, watu wakiona limenata wanasema linavuta sumu, na waliopona nalo wengi ni wale walioumwa na nyoka asie na sumu ama mwenye sumu ambae hakutoa sumu siku hio. Wakati mnangoja lianguke, aliyeumwa na koboko pumzi inakatika. Shirika la Afya Duniani limeweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika tangu 2017, na makadirio yake ni watu kati ya 81,000 na 138,000 wanaokufa kila mwaka duniani, na wengi ni watu kama sisi, wa shamba, wa kijijini, waliochelewa hospitali kwa sababu walianzia pengine.

Akiumwa mtu, alale, asitembee, avue pete, bangili na saa kabla mkono haujavimba, mguu ama mkono ufungwe na kipande cha ubao usichezecheze, na gari ama tuktuk iite hapo hapo kwenda hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukata damu, msimkimbize nyoka kumpiga. Kama ni swila ametema machoni, maji mengi, mengi kabisa, kwa muda mrefu, alafu hospitali. Na kwenye hilo boksi mahali pa jiwe bandikeni namba ya hospitali mtakayokwenda, mmeshawapigia mapema kuwauliza kama dawa ya kuzuia sumu ipo. Hilo swali msiliulize siku mtu amelala chini.

*Ami, nyoka anampenda mwenyewe? Mume wangu anasema wake anampenda.*

Dada, kupenda kama paka anavyopenda sijakuona kwa nyoka, na nimewashika wengi. Anachofanya ni kukuzoea, harufu yako na mwendo wa mkono wako unaingia kwenye vitu visivyomtisha, na kwa mnyama anaezaliwa akiogopa kila kitu hilo sio jambo dogo. Mume wako akiona nyoka wake anampanda mkono kwenda juu kwenye shingo kwa ulimi mrefu wa polepole, afurahi, ana haki. Ila amshushe kutoka shingoni amrudishe mkononi, nimeshasema hapo juu.

Na wewe kijana wa Muyeye, chatu wako akishajivua niandikie. Niambie gamba limetoka zima kama soksi ama vipande vipande, na uliangalie upande wa kichwa, vile vijigamba viwili vya macho viwe vimetoka pamoja nalo. Kama vimebaki machoni usivibandue na kucha, muongezee unyevu kwenye kizimba, beseni la maji limtoshe kuingia mwili mzima, na unitumie picha nione.